Kusomea ushauri nasaha wa vinasaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimesimamia wanafunzi wa uzamili wanaokuja kliniki kujifunza ushauri nasaha wa vinasaba, na nimekaa upande wa wanaouliza kwenye usaili mara nyingi. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mwaka kutoka kwa watu wanaofikiria kuomba nafasi. Wengi wao wanakuja wamejiandaa kwa nusu moja tu ya kazi. Jeni na kromosomu wamezisoma mpaka wamezikariri, lakini ile nusu ya pili, ya kukaa na mtu aliyepata habari nzito na kumsikiliza, wanaamini itakuja yenyewe. Haiji yenyewe, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa inahusu hiyo nusu ya pili.

Mshauri nasaha wa vinasaba anafanya kazi gani hasa?

Anakaa na watu ambao ugonjwa wa kurithi umewagusa, au wanaohofia kwamba utawagusa. Mmoja ni mjamzito ambaye kipimo chake kimeonyesha huenda mtoto ana kromosomu ya 21 iliyozidi, yaani hali inayoitwa Down. Mwingine ni dada ambaye mama yake na mama yake mdogo wote wamepata saratani ya matiti kabla ya miaka 45. Mwingine ni kijana ambaye baba yake ana ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo polepole, na anataka kujua kama naye anao, au hataki kujua ila mchumba wake anataka.

Mshauri anachukua historia ya ukoo, anakadiria uwezekano, anaeleza vipimo vilivyopo na mipaka yake, anafafanua majibu yakitoka, halafu anamsaidia mtu kufikia uamuzi anaoweza kuishi nao. Kutibu si kazi yake, na kuamua kwa niaba ya mtu ni mwiko.

Je, ni lazima niwe daktari kwanza?

Hapana. Hii ni taaluma inayojitegemea. Madaktari bingwa wa jenetiki wapo na tunafanya nao kazi bega kwa bega, lakini njia yao ni nyingine: shule ya udaktari, kisha ubingwa. Mshauri nasaha anapitia shahada ya uzamili iliyoandaliwa mahsusi kwa kazi hii.

Taaluma yenyewe ilianza lini?

Jina la Kiingereza la kazi hii, "genetic counseling", lilibuniwa mwaka 1947 na Sheldon Reed, mwanajenetiki wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Wakati ule ushauri ulitolewa na wanasayansi na madaktari wenyewe. Programu ya kwanza ya uzamili ya kuandaa washauri ilifunguliwa mwaka 1969 katika Chuo cha Sarah Lawrence, jimbo la New York, chini ya Melissa Richter, na kundi la kwanza likahitimu 1971. Chama cha kitaifa cha washauri wa Marekani kikaundwa 1979. Kwa hiyo taaluma hii bado ni changa, na baadhi ya walioijenga walikuwa hai mpaka miaka ya karibuni.

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo kila mwanafunzi atalisoma, na napenda alijue kabla hajaomba. Taasisi ambayo Reed aliiongoza ilitokana na mali iliyoachwa na Charles Dight, daktari aliyepigania sera za kuchagua nani azae na nani asizae. Mwaka 1907 jimbo la Indiana lilikuwa limekwisha kutunga sheria ya kuwafunga uzazi watu kwa nguvu. Ujerumani ya Wanazi ilifuata na sheria yake mwaka 1933. Reed alitafuta jina jipya ili kazi hii itengane na fikra hizo, na kanuni yetu ya kutomwamulia mtu ilizaliwa humo.

Kwa nini nisome uzamili? Kozi fupi haitoshi?

Kozi fupi inaweza kukufundisha jinsi ugonjwa unavyorithiwa, lakini haiwezi kukupa mamia ya saa za kukaa mbele ya watu halisi huku mtu mwenye uzoefu akikutazama, kisha akakuambia ukweli kuhusu ulivyofanya. Katika nchi nyingi zenye mfumo rasmi, bila shahada ya uzamili kutoka programu iliyothibitishwa huruhusiwi hata kukaa kwenye mtihani wa bodi au kuomba usajili.

Shahada yangu ya kwanza iwe ya nini?

Wengi wanatoka kwenye biolojia, jenetiki, biokemia, saikolojia, uuguzi au kazi za maabara. Nimesimamia mwalimu wa sekondari na pia mtu aliyesomea falsafa, na wote wawili walikuwa wazuri sana. Kinachoangaliwa ni masomo ya msingi: jenetiki, biolojia au biokemia, takwimu na saikolojia. Ukikosa moja, programu nyingi zinakubali ulisome pembeni kabla ya kuanza. Uliza mapema, usingoje mwezi wa mwisho.

Alama zangu si za juu. Nina nafasi?

Alama zinaangaliwa, ila mtu hakataliwi kwa sababu ya muhula mmoja mbaya. Kama kuna sababu, ieleze kwa sentensi mbili na uendelee. Kama somo la jenetiki ndilo lililokuangusha, lirudie au chukua la juu zaidi upate alama nzuri. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba umesimama tena.

Natakiwa kuwa na uzoefu gani kabla ya kuomba?

Wanaosoma maombi wanatafuta aina mbili za uzoefu.

Ya kwanza ni kuijua kazi yenyewe. Zungumza na mshauri anayefanya kazi, hata kwa simu. Kama kliniki inaruhusu, omba kukaa pembeni uangalie siku moja au mbili. Kwa sababu ya faragha ya wateja nafasi hizi ni chache, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo. Mazungumzo ya kweli na watu watatu wanaofanya kazi hii yananishawishi kuliko cheti cha semina.

Ya pili ndiyo watu wengi wanaikosa, nayo ni uzoefu wa kusikiliza watu walio kwenye shida. Kujitolea kwenye simu za msaada kwa waliokata tamaa, kukaa na wagonjwa wanaoelekea mwisho, kusaidia walionyanyaswa majumbani, kufanya kazi na watoto wenye ulemavu na wazazi wao, vyote vinafaa. Sharti ni kwamba uwe umefundishwa kidogo, uwe na mtu anayekusimamia, na uwe umekutana na watu ambao huwezi kuwatatulia shida yao. Mwombaji aliyekaa mwaka mzima kwenye simu za msaada anajua jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha jenetiki: mtu anaweza kulia dakika kumi, ukanyamaza, na ile dakika kumi ikawa ndiyo msaada wenyewe.

Kupata nafasi ni kugumu kiasi gani?

Ni kugumu. Madarasa ni madogo, mengine yana wanafunzi wasiofika kumi, kwa sababu kila mwanafunzi anahitaji msimamizi na wateja wa kujifunzia. Waombaji wazuri hukosa. Nawajua washauri hodari waliopata nafasi walipoomba kwa mara ya pili, hata ya tatu.

Kwa Marekani na Kanada, tangu udahili wa 2018 mfumo ni wa kulinganisha: unaomba programu, unafanyiwa usaili, kisha wewe unazipanga kwa mpangilio wa unavyozitaka, nazo zinawapanga waombaji, na kompyuta inalinganisha orodha zote mbili. Matokeo yanakufunga. Ushauri wangu ni kupanga kwa moyo wako. Usijaribu kubahatisha nani atakuchagua, maana mfumo umetengenezwa ili anayesema ukweli asidhurike. Na usiweke kwenye orodha programu ambayo hungekuwa tayari kwenda.

Barua ya maelezo binafsi iandikwe vipi?

Isianze na Mendel, yule mtawa aliyegundua kanuni za kurithi. Nimesoma barua nyingi mno zinazoanza na Mendel na njegere zake.

Anza na jambo uliloliona. Eleza ulichokifanya, ulichokosea, na ulichobadilisha baadaye. Kama una ndugu mwenye ugonjwa wa kurithi, unaweza kulitaja, ila barua isiwe ya ugonjwa huo pekee. Msomaji anataka kujua umefikiria nini kuhusu watu wasiofanana na wewe. Kisha mpe mtu asiyekuogopa aisome.

Kwenye usaili wanauliza nini?

Wanauliza unavyofikiri. Utapewa kisa, tuseme mwanamke amepimwa, amekutwa na badiliko la jeni linaloongeza uwezekano wa saratani, na anakataa katakata kumwambia dada yake. Ungefanya nini? Hakuna jibu moja. Anayekimbilia kusema "ningemlazimisha" amekosea, na anayesema "ni haki yake, basi" naye ameishia njiani. Tunatamani kumsikia mtu akiuliza: kwa nini hataki? Anaogopa nini? Wana ugomvi wa zamani? Je, angekubali barua ambayo angempa dada yake siku akiwa tayari?

Mara nyingine utafanya igizo na mtu anayejifanya mteja. Hapo hatupimi ujuzi wako wa jenetiki.

Masomo yanachukua muda gani na yana nini ndani?

Kwa kawaida ni miaka 2 ya kusoma kutwa. Uingereza, pamoja na shahada ya kawaida ya uzamili, ipo njia ya NHS, huduma ya afya ya taifa, ya miaka 3 ambapo mwanafunzi analipwa mshahara huku akisoma na kufanya kazi. Vipo pia vyuo vinavyofundisha sehemu kubwa kwa mtandao, ila mazoezi ya kliniki hayakwepeki.

Darasani utakutana na jenetiki ya tiba, jenetiki ya saratani, ukuaji wa mimba na kasoro za kuzaliwa, magonjwa ya kimetaboli, mbinu za maabara, usomaji wa majibu ya vipimo, takwimu, maadili, na nadharia za ushauri nasaha. Somo la kusoma majibu linachukua muda kuliko watu wanavyotegemea. Tangu 2015 maabara nyingi hupanga mabadiliko ya jeni katika makundi matano, kuanzia linalosababisha ugonjwa hadi lisilo na madhara. Lile la katikati, ambalo maana yake bado haijulikani, ndilo litakalokutoa jasho. Mteja anataka ndiyo au hapana, na karatasi uliyoshika inasema bado haijulikani. Kumweleza mtu hivyo bila kumtisha na bila kumpa matumaini ya uongo ni ufundi unaojifunzwa kwa kurudiarudia.

Hesabu zinanishinda. Nitaweza?

Utaweza, kwa sababu hesabu zenyewe ni sehemu na kuzidisha. Ugumu uko kwenye kufikiri. Chukua kisa kimoja.

Mwanamke mzima mwenye afya anakuja. Kaka yake alikuwa na ugonjwa unaojitokeza pale tu mtoto anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama. Anauliza kama yeye ni mbeba vinasaba, yaani mtu mwenye jeni moja yenye hitilafu ambaye mwenyewe haugui. Wanafunzi wengi wanajibu nusu kwa nusu. Kwa kuwa kaka aliugua, tunachukulia kwamba baba na mama wote ni wabeba vinasaba. Chora visanduku vinne vya watoto wao: kimoja hana hitilafu kabisa, viwili wana jeni moja yenye hitilafu, kimoja ni mgonjwa. Sasa mtazame aliye mbele yako. Ni mzima, kwa hiyo kisanduku cha mgonjwa si chake, kifute. Vimebaki vitatu, na viwili kati yake ni wabeba vinasaba. Jibu ni 2/3.

Tuseme mume wake anatoka kwenye jamii ambamo mtu 1 kati ya 25 ni mbeba vinasaba, na kwao hakuna mgonjwa. Uwezekano wa mtoto wao kuugua ni 2/3 mara 1/25 mara 1/4, yaani 1 kati ya 150. Mume akipimwa na kukutwa ni mbeba vinasaba, hesabu inaruka hadi 1 kati ya 6. Ukielewa kwa nini ile robo ilifutwa, umeelewa sehemu kubwa ya hesabu za kazi hii.

Kibarua kinachofuata ni kumwambia mtu "1 kati ya 150". Mmoja atashusha pumzi. Mwingine, aliyemzika kaka yake, atasikia ile 1 peke yake.

Mazoezi ya kliniki yakoje?

Hapa ndipo mtu anapogeuka kuwa mshauri. Kwa programu zilizothibitishwa Amerika Kaskazini, mwanafunzi anapaswa kushiriki kwa vitendo katika kesi zisizopungua 50 chini ya usimamizi, na programu nyingi zinapita idadi hiyo. Unaanza kwa kuangalia. Kisha unapewa kipande kimoja, kwa mfano kuchukua historia ya ukoo, kisha kipande kingine, mpaka siku moja unaongoza kikao kizima na msimamizi yuko kwenye kona amenyamaza.

Nimkumbuke mwanafunzi mmoja. Alikuwa akichora mti wa ukoo wa mama mmoja: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanaume, alama ikijazwa wino kwa aliyeugua, mstari wa mshazari kwa aliyefariki. Mkono wake ulikuwa mzuri na mistari imenyooka. Akauliza, "Una watoto wangapi?" Mama akasema, "Wawili. Walikuwa watatu." Mwanafunzi akachora mraba, akaupitishia mshazari, akauliza, "Alifariki akiwa na umri gani?" Mama akajibu, "Miezi saba." Akaandika 7, na bila kuinua kichwa akaendelea na swali la shangazi.

Kikao kilipokwisha nilimwuliza mtoto yule aliitwa nani. Hakujua. Kila kitu kwenye karatasi kilikuwa sahihi. Tuliirudia dakika ile mara kadhaa, mimi nikiwa mama, yeye mshauri, mpaka akaweza kuweka kalamu mezani. Wiki tatu baadaye, kwa mteja mwingine, aliiweka kalamu chini akasema, "Pole sana, mama. Aliitwa nani?" Yule mama alizungumza kwa muda mrefu, na humohumo akataja dalili ambazo hakuna fomu ingezipata.

Tegemea kurekodiwa na kujisikiliza. Inauma mwanzoni, maana utasikia mara ngapi umemkatiza mtu.

Kama mteja akiniuliza "wewe ungefanya nini?", nijibu nini?

Wataniuliza mimi, watakuuliza na wewe. Wanafunzi wapya hujificha nyuma ya kanuni: "Siruhusiwi kukuambia." Jibu hilo ni baridi, na mtu anabaki peke yake na mzigo wake.

Kutomwamulia mtu hakumaanishi kumwacha gizani. Swali hilo mara nyingi lina swali jingine ndani yake: je, watu wengine wanachagua hivi? Nitakuwa mzazi mbaya? Utanihukumu? Jaribu kusema: "Naona unatamani mtu akushike mkono kwenye hili. Mimi maisha yangu si yako, kwa hiyo jibu langu lisingekusaidia. Tuanze na kinachokupa hofu zaidi." Halafu unyamaze kweli.

Ugonjwa wa Huntington unafundisha hili kuliko kitabu. Jeni yake ilipatikana 1993, na kipimo kinahesabu vipande vya herufi tatu za DNA vinavyojirudia: 40 au zaidi maana yake ugonjwa utakuja mtu akiishi umri wa kawaida, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuzuia. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi jeni hiyo. Wengi walio katika nafasi hiyo huchagua kutopima. Mwanafunzi ambaye ndani kwa ndani anaamini kwamba kujua ni bora daima atapata kazi ngumu mpaka akubali kwamba watu hao hawajakosea.

Imani yangu ya dini inaweza kunizuia?

Wapo washauri wazuri wa dini zote. Jiulize hivi: mtu akiwa njia panda kuhusu ujauzito wake, utaweza kumpa taarifa zote, kwa ukamilifu uleule, hata kama unajua huenda akachagua kisicho chaguo lako? Kama ndiyo, karibu. Kama hapana, ujue kwamba mafunzo yanapita kliniki ya wajawazito hata kama baadaye utafanya kazi ya moyo au saratani. Zungumza na programu mapema na kwa uwazi. Na jambo hili lina upande wa pili: mwanafunzi asiye na dini naye anapaswa kumheshimu mteja anayesema "nimemwachia Mungu" bila kumwona kama hajaelewa.

Kwenye familia yangu kuna ugonjwa wa kurithi. Je, ni faida au kikwazo?

Inaweza kuwa vyote viwili. Utaijua ile hali ya kungoja majibu. Hatari yake ni kudhani kila mteja anajisikia ulivyojisikia wewe. Kama kidonda bado kibichi, kipe muda.

Masomo ni ya Kiingereza au lugha nyingine ya kigeni. Nitawaelezaje watu kwa Kiswahili?

Swali hili nalipenda kuliko yote, na wengi hawaliulizi.

Anza na neno "hatari". Ukimwambia mtu "una hatari ya asilimia 25", umemtisha kabla hajasikia namba. Sema "uwezekano". Kisha "damu". Sisi husema ugonjwa "uko kwenye damu" tukimaanisha ukoo, lakini mteja anaweza kuelewa damu yenyewe, akakuuliza kama akiongezewa damu utaondoka. Ukisikia swali hilo, rudi nyuma, maana ulimpoteza dakika kumi zilizopita. Vilevile usiite jeni "vimelea". Vimelea vinaambukiza, na mtu ataenda nyumbani akidhani amemwambukiza mkewe.

Kwenye mti wa ukoo, neno la kuogopa ni "ndugu". Anaweza kuwa wa tumbo moja, binamu, au mtu wa ukoo wa mbali kabisa. Uliza: baba mmoja, mama mmoja? Toka nitoke? "Mama mkubwa" naye anaweza kuwa dada wa mama au mke mwenza wa mama, na kwa mti wa ukoo tofauti hiyo ni kila kitu. Kwa upande mwingine lugha yetu inatusaidia. Mtu akisema "mjomba", nimeshajua ni upande wa mama, na akisema "shangazi", ni upande wa baba, bila kuuliza swali la pili.

Andaa maelezo yako ya Kiswahili ukiwa bado mwanafunzi. Yaseme kwa sauti mbele ya mtu asiyesomea sayansi, kisha mwombe akueleze wewe alichoelewa.

Nitaumia kwa kusikia huzuni za watu kila siku?

Utaguswa, na ni sawa. Programu nzuri ina vikao vya kila wiki ambapo wanafunzi wanazungumzia kilichowabana, pamoja na msimamizi wa kuwasikiliza. Kabla ya kuchagua chuo, uliza vikao hivyo vipo na nani anaviongoza. Chuo kikikujibu kwa kuzungukazunguka, hilo ni jibu tosha.

Wanaochoka haraka, kwa nilivyoona, ni wanaojibebesha jukumu la kufuta machozi. Wanaodumu ni wale wanaokubali kwamba machozi yana haki ya kuwepo chumbani.

Kuna tasnifu?

Programu nyingi zina utafiti wa aina fulani. Chagua swali dogo linalotoka kliniki, ulimalize kwa wakati.

Nikihitimu, nafanya mtihani?

Inategemea unapotaka kufanya kazi. Marekani kuna mtihani wa bodi wa maswali 200 ya kuchagua jibu, na cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 5. Majimbo mengi pia yanadai leseni. Uingereza, Australia na Ulaya bara zina bodi zao za usajili. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo yenye mfumo wa muda mrefu: shahada ya uzamili inatolewa katika vyuo vikuu vya Witwatersrand na Cape Town, na wahitimu wanasajiliwa na baraza la taaluma za afya, HPCSA.

Nikisoma nchi moja naweza kufanya kazi nchi nyingine?

Inawezekana, lakini cheti hakivuki mpaka chenyewe. Kabla hujalipa ada popote, iandikie bodi ya nchi unayotaka kuishi uulize kama wanaitambua programu hiyo, na majibu yao uyatunze kwa maandishi. Nimeona mtu amemaliza miaka miwili ndipo akagundua kwamba idadi ya kesi alizofanya haikidhi masharti ya alikokusudia kwenda.

Naweza kufanya kazi huku nasoma?

Kwa masomo ya kutwa, ni vigumu. Siku za kliniki hazina mjadala, na jioni unaandaa kesi ya kesho. Hesabu gharama ukijua kwamba kwa miaka miwili kipato kitakuwa kidogo au hakuna, na ufadhili uuombe sambamba na nafasi. Wanaosubiri wadahiliwe kwanza hukuta mifuko mingi ya ufadhili imefungwa.

Baada ya kuhitimu nitafanya kazi wapi, hospitali tu?

Hospitali ndiko wengi wanakoanza: wajawazito, watoto, saratani, moyo, mishipa ya fahamu. Wengine wako maabara wanakosaidia kufafanua majibu, wengine kwenye utafiti, kufundisha, au kutunga sera. Mimi namshauri kila mhitimu akae na wateja ana kwa ana angalau miaka miwili kabla hajahamia kwingine. Anayefafanua majibu maabara bila kumbukumbu ya uso wa anayeyapokea huandika ripoti tofauti.

Nimekosa nafasi mwaka huu. Nifanye nini?

Omba maoni, baadhi ya programu hutoa. Usirudishe maombi yaleyale. Mara nyingi kilichopungua ni ule uzoefu wa kusikiliza, na mwaka mmoja unatosha kuupata.

Nataka kuanza wiki hii. Nianzie wapi?

Chukua karatasi uchore mti wa ukoo wako, vizazi vitatu. Mraba, duara, mistari ya ndoa, mistari ya watoto, mshale kwako wewe. Kisha mpigie simu mtu mzima kuliko wote kwenye familia, umwombe akusaidie kujaza: nani aliugua nini, alikuwa na umri gani, nani alifariki akiwa mdogo, mimba zipi hazikufika. Usimharakishe. Kuna mahali atasita, au atabadilisha mazungumzo, au atasema "hayo tuyaache". Usilazimishe. Weka alama ndogo ya kalamu hapo, na umwulize kama amekula.